Dawa ya viungo vya farasi: Je, inafika gotini?

Mwanafunzi wa shahada ya uzamili anayechunguza virutubisho vya viungo vya farasi anaweza kudhaniwa hana lolote la kumwambia mgonjwa wa magoti. La hasha! Unga anaouchunguza aghalabu huwa na glukosamini, na glukosamini hiyo hiyo imo katika vidonge vya magoti vinavyouzwa kwa bei ghali katika maduka ya dawa hapa nchini.

Kwanza tuelewe kiungo kilivyo. Ncha za mifupa hufunikwa na gegedu, na kati yake mna ute unaolainisha kama mafuta kwenye bawaba. Gegedu likichakaa, kiungo huuma na kukakamaa. Farasi hupatwa na maradhi haya kama binadamu. Mwili hutumia glukosamini kutengeneza gegedu, na ile ya dukani mara nyingi hutolewa kwenye magamba ya kamba na kaa. Kwa hivyo wauzaji hudai kwamba ukiila, gegedu litajengeka upya.

Mtafiti hana budi kuuliza maswali mawili.

Je, inafika kiungoni? Mnamo 2005, watafiti nchini Kanada waliwapa farasi wanane miligramu 20 za glukosamini kwa kila kilo ya uzani. Ni takriban asilimia 6 tu iliyoingia katika damu, na iliyofika kwenye ute ilikuwa kidogo mno.

Je, inashinda kidonge kitupu? Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa 2006, wagonjwa 1,583 wa magoti walifuatiliwa kwa wiki 24. Kwa jumla, glukosamini haikushinda vidonge visivyo na dawa. Hata hivyo, karibu watu 60 kati ya kila 100 waliopewa vidonge vitupu walipata nafuu! Maumivu haya hupanda na kushuka yenyewe, na matumaini nayo huchangia.

Farasi hana matumaini ya dawa, lakini mwenye farasi anayo. Ndiyo sababu anayepima mwendo wa farasi hapaswi kujua ni yupi aliyepewa dawa.

Wewe msomaji ufanyeje? Usitumie unga wa farasi, kwani umepimiwa mnyama wa kilo 500 hivi. Ikiwa unatumia warfarini ya kuzuia damu kuganda, au hupatani na kamba na kaa, usimeze glukosamini kabla ya kumwona daktari.

Yanayosaidia magoti yanajulikana: punguza uzani ikiwa umezidi, tembea kila siku kadiri uwezavyo, na uimarishe misuli ya mapaja. Keti kitini, nyoosha mguu mmoja, hesabu hadi tano, kisha uushushe polepole. Rudia mara kumi kwa kila mguu. Zoezi hili halina gharama.

Lakini goti likivimba ghafla, likiwa moto, au ukipata homa, usingoje. Nenda hospitalini siku hiyo hiyo.