Washikaji watatu, bastola moja

Hebu fikiria: mshikaji wako kapigwa na polisi, yuko mahututi hospitalini. Halafu mwenzenu mmoja kaokota bastola ya askari, anaapa kulipiza kisasi. Utafanya nini?

Hapo ndipo ilipo La Haine, filamu ya Kifaransa ya mwaka 1995. Vinz ni Myahudi, Saïd ana asili ya Kiarabu, Hubert ni mweusi. Wote wanaishi kwenye maghorofa ya walalahoi nje ya Paris, na rangi zao haziwazuii kutaniana kutwa nzima.

Mwongozaji, Mathieu Kassovitz, hakuitoa stori hewani. Aprili 1993, Makomé M'Bowolé, kijana wa miaka 17 mwenye asili ya Zaire, aliuawa kwa risasi ndani ya kituo cha polisi Paris. Kassovitz akashika kalamu. Wahusika akawapa majina ya waigizaji wenyewe: Saïd Taghmaoui, Hubert Koundé, na Vincent Cassel akawa Vinz. Kabla ya kamera kuwashwa, walihamia Chanteloup-les-Vignes, wakaishi na vijana wa mtaani.

Matokeo? Tuzo ya mwongozaji bora Cannes, akiwa na miaka 27 tu! Waziri Mkuu Alain Juppé akataka mawaziri wake nao waitazame.

Lakini kinachogusa zaidi ni Hubert. Ukumbi wake wa ndondi umechomwa kwenye vurugu, hasira anayo, ila ndiye anayemzuia Vinz.

Je, wewe ukipandwa na hasira, washikaji zako wanakushika mkono au wanakupa kiberiti?