Mfupa wa Ng'ombe, Jino la Mtoto

Maji ya Chai ni mji mdogo kando ya barabara kuu itokayo Arusha kwenda Moshi, wilayani Arumeru, chini ya mteremko wa Mlima Meru. Jina limetokana na mto upitao hapo, ambao maji yake yana wekundu wa chai ya rangi. Mgeni akilisikia hudhani shida ya maji ya hapo ni huo wekundu, kumbe kinachowadhuru wenyeji hakina rangi, ladha wala harufu. Ni madini ya floraidi, nayo yamo hata katika maji meupe ya chemchemi na ya bomba, yanayong'aa kwenye glasi kama maji mengine yoyote safi.

Asili yake ni mlima wenyewe. Meru, wenye kimo cha zaidi ya mita 4,500, ni volkano ya Bonde la Ufa. Miamba na majivu yake yana sodiamu nyingi na kalsiamu kidogo. Mvua ikinyesha juu, maji huzama ardhini, hupita katika miamba hiyo na kuyeyusha floraidi iliyomo. Penye kalsiamu ya kutosha, floraidi hunaswa na kuganda kuwa jiwe kabla ya kufika mbali. Kwenye mteremko wa Meru kalsiamu ni haba, hivyo floraidi husafiri na maji hadi kwenye chanzo, kisha kwa mserereko hadi kwenye tangi, na mwisho kwenye kilula ambako akina mama hupanga ndoo. Maziwa ya Momella, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, yamekutwa na mamia ya miligramu za floraidi kwa lita. Mto Maji ya Chai umepimwa mara nyingi na kukutwa na zaidi ya miligramu 10. Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5.

Tanzania ilichukua muda mrefu kuifikia namba hiyo. Viwango vya muda vya mwaka 1974 viliruhusu hadi miligramu 8 kwa lita, kwa kuwa vijiji vingi havikuwa na chanzo kingine. Baadaye kikomo kilishuka hadi 4, na mwaka 2018 kikawa 1.5. Kwa hiyo kuna kizazi kizima kilichokunywa, bila kuvunja kanuni yoyote, maji ambayo leo yasingeruhusiwa kufunguliwa kwenye kilula.

Alama ya kizazi hicho iko mdomoni. Jino la utu uzima huanza kujengwa ndani ya ufizi miaka kadhaa kabla ya kuchomoza, na meno ya mbele hujengwa mtoto angali mdogo sana. Floraidi kidogo huliimarisha jino. Ikizidi, huvuruga ujenzi wa gamba lake gumu la nje. Jino huota likiwa na michirizi myeupe kama chaki, au madoa ya manjano, au kahawia iliyokolea. Likidhurika sana huwa na vishimo na hubanduka kingo. Mswaki hauondoi rangi hiyo, kwa sababu haikupakwa juu ya jino bali ilijengwa pamoja nalo. Wanaokua hivyo hujifunza mapema kucheka wakiwa wameziba mdomo kwa kiganja, na wakienda kusoma au kufanya kazi mikoa mingine, hutambulika kwao ni wapi kabla hawajasema.

Floraidi haiishii kwenye meno. Inapokuwa nyingi, na ikanywewa miaka mingi, huingia mifupani. Mtoto hupata matege au magoti yanayogongana. Mtu mzima huanza kwa maumivu ya viungo, na katika hali mbaya zaidi uti wa mgongo hukakamaa hata kuinama kukawa taabu. Mfupa uliokwisha kupinda haunyooshwi kwa dawa.

Ushauri wa siku zote kuhusu maji, kuchemsha na kuchuja kwa kitambaa, hapa hausaidii. Kuchemsha huua vijidudu, na kwa hilo kuna faida kubwa, lakini floraidi haiondoki na mvuke. Maji yanapopungua sufuriani, floraidi hubaki ileile katika maji machache zaidi. Klorini nayo haiigusi. Tena floraidi ina mlango wa pili wa kuingia mwilini, nao ni magadi. Jikoni magadi hulainisha maharage na makande na kuokoa kuni, lakini mengi ya magadi ya ukanda huu hubeba floraidi nyingi, na watafiti wamekuta meno yenye madoa hata mahali ambapo maji yenyewe si mabaya.

Njia ya kuondoa floraidi iliyoshika mizizi zaidi katika eneo hili ni ya mkaa wa mifupa. Imefanyiwa kazi kwa miaka mingi katika kituo cha utafiti wa uondoaji floraidi cha Wizara ya Maji huko Ngurdoto, jirani na Maji ya Chai, na ng'ambo ya mpaka, Nakuru nchini Kenya, imetumika pia kwa mapana. Kanuni yake ni nyepesi na inagusa moyo. Mfupa wa ng'ombe na jino la mtoto vimejengwa kwa madini ya aina moja, ya kalsiamu na fosfati, na ni hayo hasa yanayoivuta floraidi. Maji yakipitishwa katika chembe za mfupa uliochomwa, floraidi hutoka majini na kuingia mfupani, kama ambavyo ingeingia katika mwili wa mtoto. Mnyama aliyekwisha kuchinjwa hubeba mzigo ambao mtoto angeubeba maisha yake yote.

Kazi huanzia machinjioni na kwenye mabucha. Mifupa hukusanywa, hukwanguliwa nyama, huondolewa mafuta na kuanikwa juani hadi ikauke kabisa. Fundi huipanga tanurini, huwasha moto wa mkaa chini yake, kisha huziba njia za hewa na kuacha upenyo mdogo tu. Hapo ndipo ulipo ufundi wenyewe. Hewa ikiwa nyingi, mifupa huwaka na kuwa majivu. Ikikosekana moto hufa, na mifupa hubaki na ubichi ndani. Joto linalotakiwa ni nyuzi 400 hadi 500 hivi za Selsiasi, nalo hutunzwa kwa saa nyingi.

Tanuri likishapoa, fundi huchukua kipande, hukivunja na kutazama ndani. Rangi ndiyo hukumu. Mfupa mweusi haujaiva. Bado una mabaki ya mafuta na nyama, na maji yatakayopita humo yatatoka na umanjano na harufu ya uvundo, kiasi kwamba familia itayamwaga na kurudi kwenye maji ya kilula. Mfupa mweupe kama chokaa umezidi moto. Unapendeza machoni na maji yake hayanuki, lakini nguvu yake ya kushika floraidi imepungua sana. Mfupa ulioiva ni wa kijivu, si mweusi wala si mweupe, na hukatika kwa mlio mkavu. Tanuri moja laweza kutoa rangi zote tatu, nyeusi pembeni kulikokuwa na ubaridi, nyeupe karibu na moto, kijivu katikati. Fundi huzitenga kwa mkono, kipande kwa kipande. Mweusi hurudishwa tanurini, mweupe huwekwa kando, wa kijivu huenda kupondwa.

Kosa la weusi hujifichua lenyewe, kwa sababu pua ya mnywaji hulikamata siku hiyohiyo. Kosa la weupe halina wa kulikamata. Maji hutoka matamu na meupe, ndoo hujaa, watu hunywa wakiamini wamesalimika, na floraidi inapita. Ndiyo maana fundi mwangalifu huuogopa mfupa mweupe kuliko mweusi, na ndiyo maana jicho lake, katika kazi hii, ni sehemu ya afya ya kijiji.

Mifupa iliyopondwa huchekechwa. Chenga kubwa huacha maji yapite bila kuguswa vya kutosha, na unga laini huziba chujio. Zinazofaa ni chembe za kiasi cha kati, ambazo huoshwa mara nyingi hadi maji ya kuoshea yatoke meupe. Kisha hujazwa kwenye ndoo au pipa lenye koki, maji humiminwa na kuachwa yapite taratibu. Haraka huharibu, kwani floraidi inahitaji muda wa kukutana na mfupa.

Mkaa huo una kikomo. Kila gramu hushika miligramu chache tu za floraidi, kisha hujaa. Hesabu ya mfano yaonyesha maana yake. Tuseme gramu moja inashika miligramu 3, na maji ya chanzo yana miligramu 10 kwa lita, ambazo zinatakiwa kushuka hadi 1. Kila lita itaacha miligramu 9 kwenye mkaa. Ndoo yenye kilo 10 itasafisha takribani lita 3,300. Familia inayotumia lita 20 kwa siku kwa kunywa na kupikia itafika kikomo hicho baada ya miezi mitano na nusu. Maji ya chanzo yakiwa mabaya zaidi au familia ikiwa kubwa zaidi, muda hupungua. Mkaa uliojaa waweza kuoshwa kwa soda kali ukapata tena sehemu ya nguvu yake, lakini hiyo ni kazi ya kituo, si ya jikoni.

Hapa hatari ileile ya mfupa mweupe huingia nyumbani. Siku mkaa unapojaa, hakuna kinachobadilika mbele ya mnywaji, si rangi, si ladha, si kasi ya koki. Kujua ni kwa kipimo tu au kwa tarehe. Ndoo isiyoandikwa tarehe, baada ya mwaka mmoja, ni ndoo ya kupitishia maji tu.

Njia nyingine zipo, kila moja na gharama yake. Shabu pamoja na chokaa, mbinu iliyopewa jina la wilaya ya Nalgonda nchini India, hukorogwa kwenye maji na kuachwa ituame. Hupunguza floraidi, lakini hudai vipimo sahihi kila siku na huacha tope la kutupwa. Maji ya mvua kutoka kwenye mabati karibu hayana floraidi kabisa, na kwa maji ya kunywa ya watoto ndiyo suluhisho jepesi kuliko yote, ila matangi ni ghali na kiangazi ni kirefu. Mamlaka kubwa za maji huchimba visima vyenye floraidi kidogo na kuchanganya maji yake na ya vyanzo vibaya. Jiji la Arusha limefuata njia hiyo kwa mradi wa mabilioni ya shilingi, uliovuta maji hadi kutoka wilaya ya Hai. Chombo cha kijiji cha kusimamia maji, kinachotoza shilingi chache kwa ndoo, hakina uwezo huo.

Imani nayo ina nafasi yake. Mwislamu huenda asikubali kunywa maji yaliyopita kwenye mfupa asioujua ni wa mnyama gani na alichinjwaje, na haki yake ni kujua. Vilevile wapo ambao mfupa majini huwatia kinyaa. Kwao, kueleza chanzo cha mifupa kwa uwazi ni kazi ya lazima sawa na kuichoma.

Maswali yamebaki. Nani apime maji ya kaya iliyo mbali na maabara? Mkaa uliojaa floraidi utupwe wapi usirudi kwenye chemchemi ileile? Na waliokunywa kwa kiwango cha mwaka 1974, ambao sasa ni wazee wenye magoti mazito, nani anawadaia hesabu yao?

Yanayoweza kufanywa leo hayahitaji mradi. Kipimo cha floraidi cha kila chanzo kiandikwe kwa rangi kwenye ukuta wa kilula, namba na tarehe, ili anayekinga ndoo ajue anachokinga. Kila ndoo ya mkaa iandikwe siku mkaa ulipojazwa na siku ya kubadilishwa. Maji ya mvua au yaliyochujwa, yakiwa machache, wapewe kwanza watoto walio chini ya miaka 8. Baada ya umri huo meno ya mbele yamekwisha kujengwa, na hakuna chujio litakaloyarudisha.