Maumivu ya Mchapaji Huanzia Kitini

Msimu wa tasnifu ukifika, steshenari zilizo jirani na vyuo hujaa hadi usiku. Wanafunzi wamepanga foleni na flashi zao mkononi, mchapaji hainuki. Amekalia kiti cha plastiki, kompyuta mpakato i mezani, shingo imeinama, mabega yamepanda karibu na masikio. Akilalamika kwamba mikono inawaka moto, ataambiwa anunue kile kimto cha jeli cha kuegemezea viganja.

Kimto hicho si kibaya, ila kinasifiwa kupita kiasi. Kazi yake ni kupumzisha kiganja mtu anapoacha kuchapa. Anayekikandamiza huku vidole vinakimbia anajitafutia shida. Ndani ya kifundo cha mkono mna njia nyembamba ambamo hupita neva moja pamoja na kano 9 za kukunja vidole. Kifundo kikipinda juu au chini, au kikigandamizwa kwa nje, msukumo humo ndani huongezeka. Neva ikibanwa, ganzi hushika kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya kile cha pete. Kidole cha mwisho husalimika. Wengi huamka usiku wakikung'uta mkono. Ganzi ya namna hiyo ipelekwe kwa daktari, si dukani. Hata wajawazito na wenye kisukari huipata, na wataalamu bado wanabishana kuchapa kunachangia kwa kiasi gani.

Shingo nayo ina kesi yake. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kama kilo 5, na kadiri kinavyoinama mbele ndivyo misuli inavyohangaika kukishikilia. Mpakato umeumbwa vibaya kwa jambo hili, maana kioo na kibodi vimeshikana: ukiushusha, shingo inainama, ukiupandisha, mabega yanafuata. Vitenganishe. Steshenari haikosi rimu za A4, na rimu moja ya karatasi 500 ina kimo cha kama sentimita 5. Panga mbili au tatu chini ya mpakato hadi ukingo wa juu wa kioo ufikie usawa wa macho, kisha chomeka kibodi ya pembeni.

Lakini anza na kiti. Keti, legeza mabega, kunja viwiko: viganja vifike kwenye kibodi bila kifundo kupinda. Kiti kikiwa kifupi, ongeza mto. Miguu ikining'inia, ikanyage kreti la soda lililofunikwa. Khanga iliyoviringishwa inajaza ule uwazi wa nyuma ya kiuno.

Hata hivyo, hakuna mkao unaofaa kwa saa tano mfululizo. Wachapaji wa taipureta walikuwa na nafuu ambayo hawakuiomba: kila mstari ulipoisha mkono uliacha herufi ukarudisha roli, na kila ukurasa ulitaka karatasi mpya. Kompyuta imefuta vituo hivyo vyote. Mimi ningeihamishia printa kona ya mbali, ili kila kazi inayotoka imlazimishe mchapaji kusimama.

Wenye steshenari, msimwachie kijana wa kazi ajinunulie kiti. Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na jukumu la kulinda afya ya mfanyakazi imemtwika mwajiri.