Herufi Zinazorukwa kwenye Redio ya Chombo

Meli inayokuja kupakia korosho Mtwara hupita mlango mwembamba wa ghuba, rasi ya Msangamkuu ikiwa upande mmoja na mji upande wa pili. Kabla ya kuufikia huwa imekwisha kuzungumza na nchi kavu kwa redio ya VHF. Chaneli 16, ya wito na dharura, iko kwenye megahezi 156.8, na chaneli inayofuata iko kilohezi 25 tu pembeni: kama sehemu moja katika elfu sita. Redio isiyotulia mahali pake haisikiki.

Utulivu huo hutoka kwenye fuwele ya kwatsi, na ubavuni mwa fuwele hukaa kapasita mbili za kauri, ndogo kuliko dengu. Redio ikifika mezani kwa fundi, hizo ndizo hubadilishwa bila kufikiriwa sana.

Namba zilizoandikwa kwenye kapasita hazisumbui. Tarakimu mbili za kwanza ni thamani, ya tatu ni idadi ya sifuri, na kipimo ni pikofaradi. 104 ni 10 na sifuri nne, yaani pikofaradi 100,000, au mikrofaradi 0.1. Iliyoandikwa 220 ni pikofaradi 22. Ya pikofaradi 220 huandikwa 221. Mwanafunzi wa ufundi huyajua haya mapema, kisha akaridhika, na herufi inayofuata akairuka.

J ni asilimia 5 juu au chini. K ni asilimia 10 (wapo wanaoidhania kilo). M ni 20. Z inaruhusu kupungua 20 au kuzidi 80, kwa hiyo 104Z mpya kabisa inaweza kuwa nanofaradi 80 au 180 na kiwanda kisilaumiwe. Kwa kutuliza umeme karibu na saketi unganifu haidhuru. Kwa kushika masafa haifai.

Halafu lipo joto. Redio iliyofungwa kwenye boti la uvuvi hushinda juani, na ndani ya kasha lake joto hupita sana lile la hewa. Kauri ya daraja la kwanza, iliyoandikwa C0G au NP0, hubadilika kwa sehemu 30 tu katika milioni kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. X7R huahidi kutopita asilimia 15 kati ya nyuzi 55 chini ya sifuri na 125 juu yake. Y5V, kati ya nyuzi 30 chini ya sifuri na 85, imeruhusiwa kupoteza hadi asilimia 82. Kwa namba zote tatu zaweza kufanana. Kwenye fuwele, mimi nisingeweka kitu kingine ila NP0.

Multimita nayo hudanganya. Hupima kwa volti chache, ilhali kauri ya daraja la pili, kama X7R na Y5V, hupoteza uwezo volti zinapoongezeka. Iliyotimia mezani inaweza kupungua sana ikiungwa kwenye betri ya volti 12 ya boti. Tena hupungua kadiri inavyozeeka, lakini joto la solda huirudishia nguvu. Fundi akiing'oa na kuipima papo hapo, huiona nzima.

Zile bapa zisizo na miguu kwa kawaida hazina maandishi yoyote. Bodi ikipindika au chombo kikianguka hupasuka ufa usioonekana, unyevu wa pwani ukaingia, na siku moja zikashoti.

Hata nje ya redio, jambo moja halina mjadala. Kwenye chaja ya simu, kile kidonge cha buluu, nacho ni kapasita ya kauri, kinachovuka kutoka upande wa volti 230 kwenda upande wa simu huwa na alama Y1 au Y2. Kimetengenezwa ili kikiharibika kisiwe njia ya umeme. Cha kawaida, hata kikiwa na 1KV ubavuni, hakina ahadi hiyo: kikishoti, umeme wa ukutani unafika kwenye simu iliyo mkononi mwa mtu.