CHUKUDU, GARI LA MITI

Masisi ni nchi ya milima, na Walikale ni nchi ya msitu mkubwa. Huku wala huku hakuna reli. Penginepo duniani, katika mashamba makubwa ya miwa, mabehewa madogo huchukua miwa juu ya reli mpaka kiwandani. Lakini watu wengi wa Walikale hubeba mizigo mgongoni, na wa Masisi wana chukudu.

Chukudu ni gari la miti lenye magurudumu mawili, moja mbele na moja nyuma. Ilianza kuonekana Kivu ya Kaskazini katika miaka ya 1970. Mafundi huichonga kwa mkalitusi na kwa mti mgumu uitwao mumba. Magurudumu huvikwa mpira wa gari uliochakaa, yasipasuke juu ya mawe. Chukudu kubwa ina urefu wa mita 2 hivi, nayo huchukua kilo mia kadhaa za viazi au makala.

Watoto nao hutengeneza chukudu ndogo. Urefu wa sentimeta 20 watosha, ndiyo sehemu moja ya kumi ya chukudu kubwa.

Kwanza, mtoto hukata magurudumu mawili katika tawi kavu, kwani mti mbichi hupasuka ukikauka.

Pili, hutafuta katikati ya gurudumu. Hukata karatasi ya duara iliyo sawa nalo, huikunja nusu, tena nusu, kisha huikunjua. Mikunjo inapokutana ndipo katikati. Hapo hutoboa tundu kwa msumari wa moto.

Tatu, huchonga ubao wa mwili, na nyuma yake hukata nafasi ya gurudumu. Kwa usukani hutafuta tawi lenye panda, na gurudumu la mbele hukaa kati ya panda.

Nne, huvika magurudumu ukanda wa mpira wa baiskeli. Nyuma hupigilia kipande cha mpira kuwa breki. Katika chukudu kubwa mwendeshaji hukanyaga mpira huo, nao hubana gurudumu.

Sasa mtoto hupakia vipande vya muwa na kuitelemsha. Kama tundu haliko katikati, chukudu huchechemea na miwa humwagika. Mtoto hucheka, akaanza tena. Lakini baba atelemkaye kutoka milima ya Masisi mpaka Sake hawezi kucheka. Gurudumu likiyumba, huanguka yeye na viazi vyake, na nyumbani watoto hukosa chakula. Kwa hiyo fundi mzuri hupima vema ndipo akate. Haraka haraka haina baraka.

MASWALI
1. Kwa nini magurudumu huvikwa mpira?
2. Mtoto huonaje katikati ya gurudumu?