Usiipunguzie Ngoma Mwendo

Mwalimu akikabidhiwa darasa la kwanza alifundishe ngoma, jambo la kwanza analofanya, karibu kila mara, ni kumwambia mpigaji apunguze mwendo. Anawaonea huruma. Watoto wa miaka sita, miguu mifupi namna ile, wataiwezaje bugobogobo kwa kasi wanayoicheza Wasukuma wenyewe? Basi ngoma inapigwa polepole, na darasa linasambaratika: huyu kalitangulia pigo, yule keshamaliza zamani, mwingine kaketi chini anachimba mchanga. Mwalimu anahitimisha kwamba bado ni wadogo mno. Kumbe mwendo aliowachagulia ni wa mtu mzima.

Mpe mtoto wa miaka minne au mitano kijiti, umwambie agonge meza kwa mwendo unaomridhisha yeye. Kwa kawaida mapigo yake hufika 150 kwa dakika, au hata kupita. Mtu mzima akipewa kazi hiyo hiyo huangukia karibu na 100. Wanasaikolojia wameyapima haya, na matokeo yanaelekea upande mmoja: kadiri umri unavyosogea, mwendo wa asili wa mtu unapoa. Nafasi kati ya pigo na pigo ikiwa ndefu, mtoto mdogo hawezi kuingoja. Anaijaza kwa pigo lake mwenyewe, na hapo keshapotea.

Kinachotakiwa kupunguzwa, basi, ni viungo. Acha ngoma iende kwa kasi yake, lakini ipe kazi miguu peke yake. Mikono ikae kiunoni, mabega yaachwe. Miguu ikishashika, ongeza makofi. Makofi yakikaa sawa, ongeza kuinama. Katika bugobogobo, ambayo ni ngoma ya kilimo, wachezaji huinama na kulima kwa kufuata mdundo, majembe mikononi. Watoto wa darasa la kwanza hawahitaji jembe. Kukanyaga na kuinama kwa pamoja, kwa kasi kamili, tayari ni bugobogobo.

Njuga zinasaidia kuliko maelezo. Walimu wengi huzifungia stoo pamoja na mavazi hadi siku ya maonyesho, nami naona ni hasara tupu. Mtoto aliyevaa njuga anausikia mguu wake mwenyewe. Akichelewa, njuga zinamsema kabla ya mwalimu. Kama shule haina njuga, vizibo vya soda vilivyopondwa, vikatobolewa na kutungwa kwenye waya, vinafanya kazi ile ile.

Na ngoma ipigwe na mtu, watoto wakimwona. Mwaka 2009 Sebastian Kirschner na Michael Tomasello wa Taasisi ya Max Planck mjini Leipzig, Ujerumani, walichapisha utafiti ambao ndani yake watoto wadogo walipiga ngoma mara pamoja na mtu, mara pamoja na mashine, mara kwa kufuata sauti ya spika. Walipopiga na mtu walilishika pigo vizuri zaidi, hata wale wa miaka miwili na nusu. Simu iliyounganishwa na spika ni rahisi, haichoki wala haidai soda. Lakini darasa la chini lifundishwe na ngozi iliyowambwa na mkono unaoonekana ukipanda na kushuka.

Jambo jingine dogo linalopoteza vipindi vingi ni kulia na kushoto. Mtoto wa miaka sita anaweza kuujua mkono wake wa kulia na bado asiujue wa kwako ukiwa umemwelekea. Wape mgongo. Au, ukitaka kuwaona, sema “kulia” huku wewe ukitumia kushoto, wakufuate kama kioo. Ngoma nyingi zimekwishalitatua jambo hili zenyewe: katika mganda wachezaji hupanga mistari wakitazama upande mmoja, na anayetangulia anafuatwa kwa nyuma.

Darasa la nne hadi la sita ni wakati wa neema, na sina mengi ya kusema juu yake. Wanakumbuka, wanashindana, hawajaanza kuona haya. Hapo ndipo pa kuingiza mistari inayopishana na makofi ya tatu juu ya miguu ya mbili. Wape vijiti badala ya majembe. Kurusha na kudaka jembe lenye bapa kungoje sana.

Kisha inafika ile miaka ambayo mchezaji wako bora anarudi kutoka likizo hawezi kutua. Wasichana mara nyingi hurefuka ghafla kati ya miaka 11 na 13, wavulana kama miaka miwili baadaye. Miguu hutangulia, kiwiliwili kinafuata nyuma. Mwili aliouzoea umebadilishwa urefu na uzito, na hatua aliyoijua tangu darasa la tatu sasa inamkwaza. Huo si uvivu. Misuli nayo inavutwa na mifupa inayorefuka, hasa mbele ya goti, chini kidogo ya pia, ambapo mfupa bado haujakomaa. Mwanafunzi akilalamika maumivu mahali hapo, mpunguzie kuruka, mtoe kwenye sakafu ya saruji acheze kwenye udongo au nyasi, na mwache apumzike. Kumwambia ajikaze ni kumuumiza.

Pamoja na mwili kuna haya. Kijana wa kidato cha pili anajificha mstari wa nyuma, na walimu wengi humwokoa kwa kumpa ngoma apige. Ni sawa, ila utazame nani hapewi. Ngoma zikienda kwa wavulana kila mara, wasichana wataamini kwamba ndivyo mila inavyotaka, ilhali Ugogoni muheme hupigwa na wanawake wenyewe. Wape wote zamu. Halafu waachie kazi ya kutunga: nani anaingia katikati ya duara, mistari inageuka wapi, mwisho unakuwaje. Katika umri huo wanacheza kwa moyo kile walichokiamua wao.

Linabaki suala la kiuno. Sindimba ya Wamakonde inafungamana na sherehe za jando na unyago, mahali ambapo umri wa anayefundishwa, na watu wanaotazama, vilikuwa na mipaka yake. Shule imeitoa uwanjani, mbele ya mgeni rasmi. Sisemi isifundishwe. Darasa la tatu nawafundisha miguu yake, midundo na nyimbo, basi. Wakubwa tunazungumza nao kwanza asili yake, na asiyetaka kukata kiuno halazimishwi. Mzazi akikataa kwa sababu ya dini, mtoto anapiga kayamba na alama zake hazipungui. Na siku ya mahafali kapu linawekwa mezani, mbali na wachezaji. Anayetaka kutunza aweke noti humo. Kumbandika mtoto pesa mwilini hakuruhusiwi, hata kama anayetunza ni mjomba wake.