Runinga ni mgeni, tumpe jembe

WAHENGA walituachia methali isemayo kwamba mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali hiyo haikukusudiwa kumfukuza mgeni wala kumdhalilisha. Ilikusudiwa kumwingiza katika maisha ya nyumba iliyompokea, asije akaishi humo kama sultani ilhali wenyeji wake wanatokwa na jasho. Leo ningependa, mpenzi msomaji, kuitumia methali hiyo kumpima mgeni mmoja aliyeingia katika nyumba zetu nyingi, akapewa mahali pa heshima sebuleni, akafunikwa kitambaa cha kufuma ili asishikwe na vumbi, na hadi leo hajaulizwa ni lini atashika mpini. Mgeni huyo ni runinga.

Mgeni huyu si wa jana wala juzi. Matangazo ya runinga yalianza nchini Kenya mwaka wa 1962, mwaka mmoja kabla ya uhuru, na kwa muda mrefu tulikuwa na kituo kimoja tu cha taifa, hadi KTN ilipoanza kutangaza jijini Nairobi mwaka wa 1990. Jirani zetu wa Zanzibar walikuwa na runinga ya rangi tangu mwaka wa 1973. Tanzania Bara nayo, chini ya Mwalimu Julius Nyerere, ilikiona chombo hiki kuwa anasa isiyostahili kutangulizwa na taifa maskini, ikakaa bila kituo chake hadi miaka ya 1990. Sina nia ya kuamua leo ni nani kati yao aliyekuwa na haki. Nayataja haya kwa sababu moja tu: walikuwapo watu waliojiuliza, kabla ya mgeni kubisha hodi, kwamba atakuja kutufanyia kazi gani. Sisi katika nyumba zetu huuliza bei, huuliza upana wa kioo, kisha tukaita fundi.

Mimi mwenyewe sikuliuliza swali hilo. Ninaishi na kufundisha katika milima ya Taita, na runinga yangu ya kwanza niliinunua mwaka wa 2016, mwaka mmoja baada ya nchi yetu kuhama kutoka mfumo wa analogi na kuingia ule wa dijitali. Wasomaji watakumbuka jinsi mwezi wa Februari mwaka wa 2015 vituo vikubwa vilivyotoweka hewani kwa zaidi ya majuma mawili kutokana na mvutano kuhusu uhamiaji huo. Wakati huo mimi sikuwa na cha kupoteza. Mwaka uliofuata nikajiunga na wenzangu: runinga ya inchi 32, king'amuzi, antena ya nje, na mlingoti wa bomba la chuma.

Fundi alikuwa kijana mwenye adabu na mikono myepesi. Alipanda juu ya paa, mimi nikasimama mlangoni nikitazama kioo na kupaza sauti: "Bado! Rudi kidogo! Umepita! Hapo hapo!" Aliposhuka alinieleza jambo ambalo mwalimu wa sayansi yeyote angefurahi kulisikia. Mawimbi ya runinga, alisema, husafiri kwa mstari ulionyooka, karibu kama mwanga wa tochi. Mlima ukisimama kati ya mtambo na antena, nyumba iliyo nyuma yake hukaa kivulini. Ndiyo sababu mitambo hujengwa vileleni, kama ilivyo katika kilele cha Vuria hapa kwetu, na ndiyo sababu nyumba iliyo mgongoni mwa kilima hupata picha safi ilhali iliyo bondeni, hatua mia tatu tu kutoka hapo, haipati kitu. Zamani, katika analogi, mawimbi yakidhoofika picha ilijaa chenga na mtu akavumilia. Dijitali haina huruma hiyo. Ama utapata picha safi, ama picha itakatikakatika miraba miraba, kisha giza. Kwa hiyo antena ielekezwe kwenye mtambo, iinuliwe juu ya miti na mapaa, na vijiti vyake vilazwe au visimamishwe kama vya majirani wanaopata picha nzuri. Waya nao usiwe mrefu kupita haja, kwa maana kila mita hunyonya sehemu ya nguvu ya mawimbi.

Hatimaye aliniuliza: "Mwalimu, tuiweke wapi?"

Nilijibu bila kufikiri kwamba iwekwe juu kabisa, kwenye ukuta unaotazama mlango. Nakiri leo kwamba jibu hilo lilikuwa la majivuno. Nilitaka kila anayeingia aione kabla ya kuniona mimi. Adhabu yangu ilikuja upesi. Mwangaza wa mlangoni ulipiga kioo mchana kutwa, na shingo zetu zikauma usiku kucha. Tangu hapo nimejifunza kwamba katikati ya kioo panafaa kuwa sawa na macho ya mtu aliyeketi. Kwamba kioo cha inchi 32 kinatosha kutazamwa kutoka mita moja na nusu hadi mbili. Kwamba kisielekezwe dirishani. Na kwamba nyuma yake paachwe nafasi ya hewa. Runinga inayowekwa mezani ifungwe imara, kwa sababu mtoto anayeivuta anaweza kuangukiwa na kuumia vibaya. Na radi inapoanza kunguruma kwa mbali, plagi ichomolewe pamoja na waya wa antena, si king'amuzi kuzimwa tu kwa rimoti.

Hayo yote ni usimikaji wa kwanza, na kazi hiyo ni ya fundi. Upo usimikaji wa pili ambao fundi hawezi kuufanya: kuisimika runinga katikati ya watu. Je, itawashwa saa ngapi na kuzimwa saa ngapi? Nani ataamua kinachotazamwa? Meza ya mtoto ya kusomea itakuwa wapi? Usimikaji huo ulikuwa wajibu wangu, na sikuufanya. Katika muda wa mwezi mmoja viti vyote vilikuwa vimegeuka kuelekea ukuta mmoja. Mwanangu aliandika insha zake akiwa na jicho moja daftarini na jingine kwenye kioo, nami nikasahihisha madaftari ya wanafunzi wangu kwa namna iyo hiyo, jambo ambalo ni aibu kubwa zaidi. Mama yangu mzazi, ambaye huja kukaa nasi nyakati za mvua, alitutazama siku kadhaa bila kusema neno. Jioni moja akaniuliza kwa upole: "Mwanangu, mgeni wenu huyu atakaa siku ngapi?" Tulicheka. Hatukumwelewa.

Tulimwelewa mwaka wa 2020. Mwezi wa Machi mwaka huo shule zote nchini zilifungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona, na Taasisi ya Ukuzaji wa Mitaala nchini (KICD) ikawa inawafikia wanafunzi kwa vipindi vya masomo vya redio na runinga. Ghafla kile chombo cha anasa kikawa darasa. Mwanangu aliketi mbele yake kila asubuhi na daftari lake, nami nikajipongeza kimoyomoyo kwamba fedha zangu hazikupotea.

Asubuhi ya tatu au ya nne niliona vichwa dirishani. Walikuwa watoto watano kutoka nyumba za bondeni, kule ambako mawimbi hayafiki na umeme ulikuwa bado haujafika. Walisimama kimya, wamejifunika pua na midomo kwa vitambaa, wakitazama somo la hisabati kupitia nondo za dirisha. Mmoja wao alikuwa msichana wa darasa la saba, mwanafunzi wangu mwenyewe, na alikuwa akiandika hesabu kwa kuegemeza daftari ukutani.

Nitasema ukweli. Nilivuta pazia. Niliogopa ugonjwa, nilimwogopea mama yangu aliyekuwa mzee, na pengine niliogopa pia kuzoewa. Somo likaendelea ndani, na nje nikasikia nyayo zikienda zake. Marehemu Leonard Mambo Mbotela, aliyetutoka mwaka wa 2025, alitumia miaka mingi ya maisha yake kuuliza taifa hili katika kipindi chake, "Je, Huu ni Ungwana?" Siku hiyo swali lile lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Mimi ni mwalimu. Nimelipwa na umma miaka mingi ili nifungue milango, na mlango wa kwanza uliofikiwa na mwanafunzi wangu wakati wa dhiki nikaufunga kwa kitambaa.

Mama hakunilaumu. Alisema tu: "Nyumba ina baraza."

Kesho yake nilimwita yule fundi. Tuliishusha runinga kutoka mahali pake pa fahari, tukaiweka juu ya meza barazani, kivulini, tukavuta waya wa umeme na kurefusha ule wa antena. Picha ikakatikakatika kama alivyonionya, naye akaongeza urefu wa mlingoti hadi ikatulia. Niliwaandikia watoto kwa chokaa mahali pa kuketi uani, kila mmoja mita moja na nusu kutoka kwa mwenzake, na barakoa zikawa sharti. Walikuja watano, baadaye wakafika kumi na mmoja. Kipindi kilipokwisha nilizima runinga na kuuliza maswali. Hapo ndipo nilipogundua jambo ambalo miaka minne ya kutazama haikunifunza: nusu ya yaliyosemwa kwenye kioo hayakuwaingia mpaka runinga ilipozimwa na mazungumzo kuanza. Mgeni alikuwa ameshika jembe hatimaye, lakini mwenye shamba alipaswa kuwa kando yake.

Shule zilipofunguliwa kwa wote mwezi wa Januari mwaka wa 2021, yule msichana aliniletea madaftari yake mawili yaliyojaa. Sikuwa na la kumwambia ila kumwomba radhi kwa ile asubuhi ya pazia. Akanijibu kwa adabu, "Si neno, Mwalimu." Nilitamani angenikasirikia.

Kuna watakaosema kwamba mjadala huu umepitwa na wakati, kwa sababu vijana wa leo wameihama runinga na kukimbilia simu. Wanasema kweli, na kwa sababu iyo hiyo naitetea runinga. Simu hutazamwa na mtu mmoja aliyejiinamia, na anachokiona hatuna habari nacho. Runinga hutazamwa na wengi kwa pamoja; mtu anaweza kuibishia, kuisahihisha na kuiuliza maswali mbele ya wenzake. Wako pia watakaosema kwamba dawa ni kuitupa nje. Hao nawaomba wakumbuke kwamba methali haikusema mgeni auawe siku ya tatu.

Kwa walimu wenzangu na wanafunzi wetu, nina pendekezo dogo lisilogharimu hata shilingi. Vituo vyetu vikubwa vina desturi ya kusoma habari kwa Kiswahili saa moja jioni na kwa Kiingereza saa tatu usiku. Mwanafunzi na achague habari moja tu, aisikilize kwa lugha zote mbili, kisha aandike mambo matatu: habari yenyewe kwa sentensi mbili, neno moja alilolikuta kwa mara ya kwanza, na swali moja ambalo msomaji wa habari hakulijibu. Kesho yake darasani, dakika kumi zitumike kuyasoma hayo. Atajifunza tafsiri bila kuambiwa kwamba anajifunza tafsiri. Ataona jinsi jambo lile lile linavyobadilika sura likivaa lugha nyingine. Na lile swali lisilojibiwa litamfundisha kwamba kioo hakisemi kila kitu. Yule asiye na runinga na aketi na mwenzake anayeyaandika, au asikilize habari za redio, maana jembe ni jembe.

Kwa wazazi sina amri, ila nawaomba wafanye usimikaji wa pili kabla fundi hajashuka kutoka juu ya paa. Meza ya kusomea ihamishwe kwanza, ndipo runinga itafutiwe ukuta. Saa za kuwasha na kuzima zijulikane na kila mtu, akiwamo baba mwenye nyumba na mpira wake wa usiku. Na ikiwa nyumba yenu iko mgongoni mwa kilima, kumbukeni kwamba bondeni kuna watu.

Runinga yangu imerudi sebuleni, lakini si kwenye ukuta ule wa mlangoni. Imewekwa kwenye meza ya kawaida karibu na mlango wa baraza, na waya wake nimeuacha na urefu wa kutosha kuifikisha nje.